Mashine za chemsha bongo kwenye pabu za Uingereza: zinalipa, ila ujue unachokifuata

Wakuu, nikizitaja mashine hizi swali la kwanza huwa lile lile: zinatoa hela kweli? Zinatoa. Zimenilipa mara nyingi, sarafu za pauni zikimwagika kwenye kisahani cha chuma kwa kelele inayogeuza shingo za watu kaunta nzima. Ila asije mtu akadhani kuna kununua kiwanja Goba kwa pesa ile. Zawadi ya juu kwenye mashine nilizocheza mimi ilikuwa pauni 20, na mara nyingi unachotoka nacho ni pauni mbili tatu. Siku nzuri inakulipia chakula cha jioni na nauli. Siku mbaya unaliwa, lakini unaliwa taratibu, kwa sarafu za senti 50, huku unajifunza mke wa pili wa Henry wa Nane alikuwa nani.

Pale kwenye kona ya pabu huwa kuna mashine za aina mbili, na mgeni huzichanganya. Ya kwanza ni ile yenye magurudumu ya cheri na kengele. Hiyo ni dubwi iliyovaa suti: unatumbukiza hela, unabonyeza, unaomba Mungu. Ya pili ina skrini ya kugusa yenye michezo mingi ndani yake. Kuna maswali, kuna kutafuta maneno, na kuna michezo iliyokopa majina ya vipindi vya televisheni, kikiwemo Who Wants to Be a Millionaire?, ambacho Waingereza walikipenda kupita kiasi tangu kianze 1998. Hapa unalipwa kwa kujua.

Tofauti hiyo iko hadi kwenye sheria. Sheria ya Kamari ya 2005, ambayo sehemu yake kubwa ilianza kutumika Septemba 2007, inasema mchezo ukiwa na bahati ndani yake, hata ikichanganywa na ujuzi, unahesabiwa kuwa wa kubahatisha. Kwa hiyo mashine ya maswali ili isiitwe ya kamari, ushindi lazima utokane na ujuzi. Pabu zina haki ya kuweka mashine mbili za kamari kwa kutoa taarifa tu, na hii ya maswali ilikaa pembeni bila kuingizwa kwenye hesabu hiyo. Mtoza kodi hakubabaishwa na tofauti hizo: tangu Februari 2013 zote zinatozwa kodi moja ya michezo ya mashine.

Sasa tuje kwenye maswali yenyewe, maana utamu na uchungu wote uko hapo. Mtu aliyesoma Kibaha au Moshi anaanza na pengo kubwa. Mashine inadhani kila mtu alikulia mbele ya televisheni ya Uingereza. Itakuuliza nani alikuwa na baa kwenye Coronation Street, tamthilia iliyo hewani tangu 1960. Itakuuliza kriketi, wimbo ulioongoza chati Krismasi ya mwaka fulani, na mtangazaji wa kipindi cha watoto kilichokwisha kabla hujapata viza. Huko nilikuwa naliwa bila huruma. Hakuna kubahatisha kwa akili, kwa sababu majina yote manne kwenye skrini ni mageni sawasawa.

Lakini yakija ya kwetu, ni zamu yao kuteseka. Mji mkuu wa Tanzania? Waingereza wengi wanagusa Dar es Salaam kabla hawajamaliza kusoma swali, na saa inahesabu. Freddie Mercury alizaliwa wapi? Wanaenda India, wakati mtoto ni wa Mji Mkongwe, Unguja, 1946. Vita vifupi kuliko vyote katika historia? Hilo ni swali linalopendwa sana kwenye chemsha bongo za Waingereza, na jibu lake tunalo tangu sekondari: manowari zao zilipoipiga kasri ya Sultani Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, na mambo yakaisha ndani ya dakika kama 40. Ziwa la pili kwa kina duniani, Tanganyika. Dhahabu ya mita 1500 Mexico 1968, Kip Keino. Rekodi ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch 1974, Filbert Bayi, na hapo unaligusa jina huku kifua kimekutoka kidogo. Riadha, ramani, Biblia na mpira ndivyo vilivyonilisha. Nilishangaa Biblia ilivyonisaidia. Vijana wenyeji hawajui Musa alikufa kabla ya kuingia nchi ya ahadi, swali la Shule ya Jumapili kabisa.

Jambo ambalo hutaambiwa na mtu: jibu sahihi ni lile ambalo mashine inaliamini. Maswali yako kwenye benki yake, na benki hiyo isiposasishwa inazeeka. Mwishoni mwa 2018 Burundi ilitangaza Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa, lakini mashine ya zamani inabaki na Bujumbura yake, na ukibishana nayo sarafu yako ndiyo inayokwenda. Benki hiyo hiyo ndiyo inayowafaidisha wazoefu. Maswali hujirudia. Ukikaa na mashine za aina moja muda wa kutosha, unaanza kujibu kwa kuutambua mstari wa kwanza tu. Kuna Waingereza waliogeuza jambo hili kuwa kazi, wanazunguka mji hadi mji na majibu kichwani. Mimi sikufika huko. Nilikuwa na kijidaftari tu, nayaandika yaliyonishinda.

Na mashine si mjinga. Kwenye michezo mingi niliyocheza, kiwango cha pointi cha kufikia zawadi hakikuwa kile kile kila siku. Mtu akitoka kushinda, unaweza kukuta kimepanda, au maswali ya karibu na pesa yamekuwa ya ajabu ajabu. Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ni kusoma skrini kabla hujacheza. Kiwango kikiwa juu, acha, nenda pabu ya pili. Ujuzi wa pili ni kujua lini uchukue chako. Michezo mingine inakuachia uchague: toka na pauni tatu, au endelea na uhatarishe zote. Mimi ni mtu wa kutoka. Rafiki yangu mmoja hakuwahi kutoka hata siku moja, na hadi leo anasimulia jinsi alivyokaribia pauni 20.

Kero ninayo moja. Mashine si mali ya pabu, ni ya kampuni inayoiweka. Ikikumezea sarafu, dada wa kaunta hana ufunguo. Atakuonyesha kibandiko chenye namba ya simu ubavuni, anarudi kumimina bia. Iliwahi kunimezea noti ya pauni 10 namna hiyo. Nilipiga simu, nikaahidiwa kurudishiwa, nasubiri mpaka leo.

Siku hizi kuziona ni kazi. Simu za mkononi zimeharibu mambo pande zote: maswali ya bure yamejaa mfukoni, na anayetaka kuibia anaye wa kumuuliza, ingawa saa ya mashine ni fupi na vidole vinatetemeka. Kisha 2017 ikaja sarafu mpya ya pauni yenye pembe 12, ile ya duara ikaacha kutumika tarehe 15 Oktoba. Mashine ikabidi zirekebishwe zipokee mpya, na baadhi ya zile nilizozoea hazikurekebishwa. Ziliondolewa, pakawekwa meza. Pabu nyingi nazo zimefungwa kabisa.

Tathmini yangu: kama burudani ya kulipia, nzuri kuliko kubeti mkeka wa mechi kumi, kwa sababu unachojua kina thamani na hasara yake ni ndogo. Kama njia ya kipato, hapana. Saa moja ya kazi ya ghala inakulipa vizuri zaidi kuliko saa moja ya mashine, na ghala halikuulizi kriketi.

Ukiikuta moja bado inawaka, usiende peke yako. Tafuta mwenzako aliyekulia kule, yeye ashike tamthilia na nyimbo za Krismasi, wewe ushike ramani na riadha. Na mkubaliane mgao mapema, kabla sarafu hazijashuka, maana zikishashuka kila mtu hukumbuka kwamba swali la mwisho alilijibu yeye.