Chotara wa KSPCA ama German Shepherd wa kununua?

Watu wengi Nairobi wakiwaza mbwa ni German Shepherd tu, eti ndo mbwa wa maana. Sawa, anafundishika haraka na mwizi anamuogopa, lakini dume akikomaa ni kilo 30 hadi 40, hapo unga na matumbo utanunua mpaka uchoke, na hiyo breed inasumbuliwa sana na nyonga, ukiona anaburuta miguu ya nyuma ujue daktari atakuzoea.

Sasa kale kachotara ka KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama pale Lang'ata Road, sikio moja limesimama lingine limelala, mama hajulikani baba ndo kabisa, damu mchanganyiko mara nyingi inakapunguzia hayo magonjwa ya ukoo. Shida ni hujui katakuwa kakubwa kiasi gani, unaangalia nyayo unabahatisha tu. Na mwanzoni kanaweza kushinda chini ya kochi kwa uoga, kape muda.

Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, haina koko wala wa bei, wote wanarudia kila wiki 3 au 4 mpaka wafike umri wa wiki 16. Kwa ploti ndogo mi nachukua chotara, shepherd aachiwe mwenye kiwanja.