Fenobabitoni au kabamazepini: ipi afadhali kwa kifafa?

Kwa bei, fenobabitoni haina mpinzani. Ipo tangu 1912, na hunywewa mara moja tu kwa siku, kwa kawaida usiku. Kabamazepini ni ghali zaidi na hugawanywa mara mbili au tatu. Anayesahau dozi ya mchana ataiona tabu.

Madhara ndiyo penye kazi. Fenobabitoni huleta usingizi na uzito wa kichwa. Watoto wengine, ajabu, huwa watundu kupita kiasi, na mwalimu ndiye hulalamika kwanza. Kabamazepini humwacha mtu macho zaidi, ingawa mwanzoni huweza kuleta kizunguzungu na kuona vitu viwiviwili. Upele wenye homa, malengelenge au vidonda mdomoni ni wa kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Tena kuna kifafa cha kuduwaa, yaani mtu huganda kwa sekunde chache akikodoa macho bila kujibu, ambacho kabamazepini hukizidisha.

Zote mbili hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya ARV, basi mtajie daktari kila unachomeza. Wala usikatishe ghafla.

Mwanafunzi au dereva wa mashine atapendelea kabamazepini. Anayeishi mbali na duka la dawa, mfuko mwepesi, huenda fenobabitoni ikamfaa.