Betri mpya, tepu mpya: uzoefu wangu wa kununua pikipiki ya masafa iliyotumika

Nianze na hukumu kabisa, mwenye haraka achukue aondoke. Muuzaji: sifuri. Pikipiki: hapo ndipo penye kazi, maana kila nikikaa niandike kwamba ni takataka, naikumbuka ikiwa kwenye kona na mkono unakuwa mzito.

Chapa siitaji. Ugomvi wangu si na kiwanda, na lililonikuta huzikuta pikipiki za chapa nyingi za aina hii zikishazeeka. Ukubwa wa injini, nguvu za farasi, lita za tangi, hayo yamejaa kila mahali, tafuteni wenyewe. Mimi nina jambo moja tu la kusema, nalo linahusu betri mpya.

Kwa nini pikipiki ya spoti ya masafa? Umri unasogea. Mgongo haukubali tena kulalia tangi, lakini moyo nao haujakubali kupanda kochi. Nilitaka kitu kinachokimbia kweli, chenye kioo cha kukinga upepo, mabegi magumu ya pembeni, na kiti ambacho mke wangu anaweza kukaa asinilaumu. Nikazunguka sana. Nilitazama Yamaha FJR1300, ile iliyoanza kutoka 2001, ambayo haina cheni bali shafti, kwa hiyo umeepukana na kupaka oili cheni kila jioni ukiwa safarini. Nikatazama Honda ST1300, nayo ya shafti. Nilichelewa zaidi kwenye Honda VFR800, hasa zile za 1998 mpaka 2001 ambazo kamshafti zake, vile vyuma vinavyofungua vali za injini, zinazungushwa kwa gia. Wenye masikio wanazijua kwa ule mluzi wake kabla hata hazijatokea. Za kuanzia 2002 zikaja na VTEC, vali mbili zikifanya kazi kwa kila silinda mwendo wa chini na nne ukipandisha mizunguko, na tangu hapo kupima vali kukawa kazi ya fundi mwenye subira na mteja mwenye mfuko. Mwishowe nikaangukia hii yangu, ambayo si mojawapo ya hizo.

Kwa sura, ilikuwa safi. Hilo simnyimi mtu. Nilikagua ninavyojua: meno ya sproketi, sili za foki, kingo za diski za breki, zile tarakimu nne za wiki na mwaka ubavuni mwa tairi, usukani nikauzungusha gurudumu la mbele likiwa juu ili kusikia kama beringi zina mkwamo. Hakuna kitu. Na muda wote huo jamaa yuko pembeni, anatabasamu, "kaka" kila baada ya neno la tatu. "Kaka, hii haijalala nje hata siku moja." "Kaka, mimi nauza kwa sababu ya shida tu." Halafu akafungua kiti, mwenyewe bila kuombwa, akanionyesha betri. Mpya. Ina stika bado inang'aa, haina hata vumbi. "Nimekuwekea betri mpya kabisa, kaka. Hutasumbuka."

Nilikuwa na mita yangu. Nikapima pikipiki ikiwa imezimwa: volti 12.7, betri nzima kabisa. Tukaiwasha, ikasoma 13 na ushee ikiwa inanguruma taratibu. Nikataka sasa nipandishe mizunguko ya injini ifike 5,000 kwa dakika, kwa sababu huko ndiko chaji inakojulikana: mfumo mzima wa umeme ukiwa mzuri, utaiona mita ikikaa kati ya 13.5 na 14.5. Nikashika resi. Jamaa akanishika kifundo cha mkono, taratibu tu, kama mtu anayemtoa mtoto kwenye jiko, akanitoa kwenye resi. "Kaka, bado ya baridi hiyo. Usiichoshe injini." Akazima.

Nikadhani ni mapenzi. Nikasema moyoni, huyu anaijali pikipiki yake. Mpaka leo nikikumbuka vile vidole kwenye kifundo cha mkono wangu nasikia joto masikioni.

Wiki za mwanzo nilikuwa mtu wa kuchekacheka peke yangu. Nitafika huko, acheni kwanza nimalize hasira.

Tulikuwa safarini, jioni, mabegi yamejaa, mke wangu nyuma, taa zote mbili kubwa zinawaka. Ya kwanza kuja ilikuwa taa ya ABS, zile breki zisizofunga gurudumu, kwenye dashibodi. Nikaipuuza, maana breki zilikuwa zinakamata. Baadaye kidogo saa ya dashibodi ikajirudisha kwenye sifuri. Mshale wa mizunguko ukaanza kutikisika wenyewe huku mkono wangu umetulia. Nikawasha indiketa ili nipite lori, na kila indiketa ikipepesa, injini inakohoa. Inapepesa, inakohoa. Taa za mbele zimekuwa za manjano, hazimulikii kitu. Halafu kimya. Pikipiki nzito, imejaa mizigo, pembezoni mwa njia kuu, giza linaingia. Mke wangu alishuka, akavua kofia ngumu, hakusema neno. Mlio kwenye ndoa mnaujua uzito wa ukimya ule.

Kwa asiyejua, pikipiki hizi zinazopuliziwa mafuta kwa sindano za kielektroniki haziendi bila umeme. Pampu ya mafuta ni ya umeme, kompyuta ya injini ni ya umeme, moto wa plagi ni wa umeme. Zile za kabureta za zamani ungeweza kujikokota kidogo na betri iliyochoka. Hizi hapana. Umeme wenyewe unazalishwa ndani ya injini, kwenye koili zilizozungukwa na sumaku, na unatoka kwa waya tatu, mara nyingi za manjano, kwenda kwenye regyuleta. Regyuleta inaugeuza uwe wa kuingia kwenye betri, na ule unaozidi inaurudisha chini na kuugeuza joto. Yaani koili zinafanya kazi kwa nguvu zote muda wote, uwe umewasha taa au hujawasha. Sasa mkondo wote huo unapita kwenye soketi moja ndogo ya plastiki yenye vijino vitatu. Kikiingia kutu kidogo kwenye kijino kimoja, upinzani unapanda. Upinzani ukipanda, joto linapanda. Joto likipanda, kutu inazidi. Inajila yenyewe mpaka plastiki inayeyuka. Na ikiwa baridi, imewashwa dakika chache tu na betri mpya juu yake, huwezi kuona kitu. Ndiyo maana ya betri mpya. Ndiyo maana ya kunishika mkono.

Nilijuaje kwamba alijua? Hapa ndipo nataka mnisikilize.

Pikipiki iliporudi nyumbani juu ya gari la watu, nilivua kava za upande wa kushoto, skrubu baada ya skrubu, na vile vibanio vya plastiki ambavyo lazima kimoja kivunjike. Nikafuata waya za manjano kutoka kwenye injini. Kila kitu ndani humo kina vumbi la miaka, lile vumbi la kijivu lililochanganyika na oili. Waya zina vumbi, fremu ina vumbi, mpira wa maji una vumbi. Isipokuwa sehemu moja. Soketi ya waya tatu ilikuwa imeviringishwa tepu nyeusi ya umeme, mpya, inang'aa, imezungushwa kwa ustadi, mzunguko juu ya mzunguko, ncha imebanwa vizuri isifunguke. Nikaifungua polepole. Harufu ya plastiki iliyoungua ikanipanda puani. Ndani, soketi iliyokuwa nyeupe imekuwa ya kahawia iliyokolea, tundu moja limeyeyuka likapoteza umbo, na waya wa tundu hilo umekakamaa. Niliushika ukakatika mkononi.

Mtu aliiona soketi hiyo imeungua. Hakubadilisha soketi. Hakubadilisha waya. Aliifunga tepu, akanunua betri, akatangaza pikipiki inauzwa. Siyo kwamba hakuwa na hela, maana hiyo betri aliyonunua haikuwa ya bure.

Nikampigia. Alipokea, akasikia sauti yangu, na "kaka" ikafa hapo hapo. "We jamaa, si ulikagua mwenyewe na mita yako? Umenunua mtumba halafu unataka gwarantii?" Nikamuuliza habari ya tepu. Kimya. "Tepu aliweka fundi." Fundi gani? "Fundi." Nikamwambia anipe namba ya huyo fundi tu, nisimsumbue yeye. Akakata. Baadaye kidogo ukaja ujumbe, nao ninao mpaka leo: "Betri nilikupa mpya. Kuwa na shukrani."

Shukrani! Hiyo betri yenyewe ilikuwa imeshakufa. Betri ya aina ile ikinyonywa mpaka chini kabisa na kukaa hivyo, chumvi ya salfeti inaganda kwenye sahani zake, na hata ukiichaji usiku kucha haishiki tena. Zawadi yake ilikufa njiani pamoja na mimi, nikanunua nyingine kwa hela yangu.

Matengenezo sitayaeleza kwa urefu. Koili zilikuwa zimeshaungua, kwa sababu ukizipima kila jozi ya waya za manjano zinatakiwa zitoe umeme unaolingana, na jozi mbili zilikuwa hoi. Nikaweka koili mpya. Regyuleta nikaachana na ya aina ile ya zamani, nikafunga Shindengen SH847, ambayo haigeuzi umeme wa ziada kuwa joto bali inaukata, koili zinapumzika. Soketi ile niliitupa kabisa, waya tatu nikazilehemu moja kwa moja na kuzivalisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Sasa ikiwa ya moto, taa zote zikiwaka, mizunguko 5,000, inasoma 14.2 na haitikisiki. Kama unanunua pikipiki ya namna hii, mwambie muuzaji muiendeshe kwanza nusu saa, halafu ipimwe ikiwa ya moto, resi ikiwa juu. Akikataa, asante sana, kwaheri. Akikuonyesha betri mpya kabla hujaiuliza, kwaheri mapema zaidi. Na ingiza mkono ufuate waya za manjano. Tepu mpya kwenye waya za zamani ina mwenyewe na ina sababu.

Sasa nimefika kwenye ile sehemu inayonitesa.

Hii pikipiki ni nzuri. Nasema kwa kinyongo lakini nasema. Mlima mrefu, lori mbele linatoa moshi, gia ya mwisho, hukushusha hata moja, unafungua resi tu na lori linabaki nyuma bila kelele wala purukushani. Upepo unapita juu ya kofia, kifua kimetulia. Unafika mwisho wa safari ndefu na bado unaweza kutembea kama binadamu. Kwenye kona ndefu ukiilaza inakaa pale pale ulipoiweka, haikuulizi mara mbili. Mke wangu, yule yule wa ukimya, sasa ndiye anayeuliza Jumamosi tunaenda wapi. Usiku ule pembeni ya njia ningeambiwa nirudishiwe nusu ya hela niiache, ningeiacha na mabegi yake. Leo akija mtu na hela yote sijui. Pengine ningemwambia arudi kesho, na kesho nisiwepo.

Kwa hiyo nyota ngapi? Pikipiki nilitaka kuipa nne. Nikatoa moja kwa sababu kuifikia soketi ya waya tatu si haki mtu avue nusu ya kava zote. Aliyepanga waya zile hakuwahi kuzitengeneza gizani. Halafu nikairudisha, kwa sababu kosa hilo si la pikipiki yangu peke yake. Nne, basi. Muuzaji anabaki pale pale, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningemshusha.

Na bado sijasema habari ya ufunguo. Pikipiki ina ufunguo wenye chipu ndani, injini haiwaki bila huo, na kutengeneza mwingine si kazi ya fundi wa funguo wa kawaida. Siku ya kukabidhiana alinipa mmoja. Wa pili, akasema, uko kwa dada yake, ataniletea wiki hiyo hiyo. Ni dada yupi anayetunza ufunguo wa pikipiki ambayo kaka yake ameshaiuza, na anautunzia nini? Nimeuliza mara nyingi. Mara ya mwisho alinijibu kwamba dada amesafiri.