Plaiwudi za ujenzi jijini Dar es Salaam: ipi ya zege, ipi ya kabati

Tathmini hii inahusu aina tatu za plaiwudi ambazo mtu anayejenga nyumba ya kuishi jijini Dar es Salaam hukutana nazo madukani: ile yenye filamu ya kahawia au nyeusi ambayo mafundi huiita marini, ile ya mikaratusi na misindano inayotengenezwa Mafinga, na ile yenye uso mwekundu inayoletwa kutoka Asia. Zote nimezitumia katika nyumba moja ya ghorofa, kuanzia slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, hadi makabati ya jikoni. Huuzwa kwa kipimo kimoja, futi 4 kwa 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440, na zikiwa zimepangwa dukani mnunuzi huvutiwa na bei pamoja na ulaini wa uso, ilhali uso ndio sehemu inayoeleza machache kuliko zote kuhusu bodi.

Habari zote ziko kwenye ukingo. Plaiwudi ni matabaka membamba ya mbao yaliyobandikwa kwa gundi na kushindiliwa kwa joto, kila tabaka likikatiza nyuzi za lile lililo chini yake, na kwa kawaida idadi ya matabaka huwa witiri ili nguvu za pande mbili zilingane na bodi isijikunje. Kwa hiyo ninapotazama bodi ya milimita 18 hupenda kuona matabaka 11 au 13 yenye unene unaokaribiana, yasiyopandana na yasiyoacha mianya katikati. Palipo na mwanya pana udhaifu mara mbili: parafujo ikipita hapo haishiki, na maji yakiingia hupata njia ya kusafiri hadi ndani kabisa ya bodi. Sarafu ikiburutwa taratibu juu ya uso husaidia pia, kwani sauti hubadilika na kuwa ya uwazi pale ambapo tabaka la ndani halipo au halikushika gundi.

Kwenye marini ukaguzi huu ni mgumu zaidi, kwa sababu kiwanda hupaka kingo rangi. Rangi hiyo ina kazi yake halali, nayo ni kuzuia maji, lakini hufunika mashimo vilevile. Nilimwomba muuzaji mmoja anikwangulie kwa patasi sehemu ndogo ya kona, akakataa kwa hoja kwamba nitamharibia mali, nami nikaenda duka la jirani ambako kijana wa stoo alikwangua bila ubishi. Chini ya rangi yalionekana matabaka yaliyonyooka na mistari ya gundi yenye weusi wa kahawa. Weusi huo mara nyingi ni dalili ya gundi ya fenoli, ambayo haiyeyuki kwa maji hata yakichemka. Mistari myeupe au isiyoonekana kwa kawaida huashiria gundi ya yurea, inayofaa ndani ya nyumba pakavu tu. Rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi, maana gundi inaweza kutiwa rangi, ndiyo sababu ni vyema kuomba kipande cha chakavu na kukichemsha kwenye sufuria kwa saa kadhaa, kukiacha kikauke, kisha kukichemsha tena. Kipande cha gundi ya yurea hufumuka kama daftari lililolowa, na ncha ya kisu huingia kati ya matabaka pasipo kusukumwa. Cha fenoli hutoka kimejaa maji na kuvimba kidogo, lakini kinabaki kipande kimoja.

Jaribio hilo lina uzito wake kwa sababu ya kazi inayoisubiri bodi, ambayo ni kubeba zege la slabu hadi likomae. Zege bichi lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa mita ya ujazo. Slabu ya unene wa milimita 150 basi huweka karibu kilo 360 juu ya kila mita ya mraba, na bodi moja nzima hubeba zaidi ya tani moja kabla hata ya kuhesabu nondo, mafundi na karai zao. Hapo marini ya milimita 18 yenye gundi ya fenoli haina mbadala wa maana kati ya hizi tatu. Filamu yake hufanya zege liachie kwa urahisi na kuacha uso laini usiohitaji plasta nyingi, na ubora wa filamu hutofautiana: ya kawaida huwa ya gramu 120 kwa mita ya mraba, nzito hufikia 220, na zile za bei ya kutupa huwa nyembamba kiasi kwamba msumari ulioteleza huichana. Fundi wangu alilisema jambo hili kwa ufupi: «Bosi, ikishakunywa maji hii, hairudi.»

Hata hivyo nguvu ya marini hutegemea inavyolazwa. Nyuzi za tabaka la nje zinapaswa kukatiza mbao zinazoibeba, si kwenda sambamba nazo, kwa kuwa bodi hupinda kwa urahisi zaidi kwa upande wa pili. Mafundi wengi hujua hili, lakini bodi zikiwa chache na jioni imekaribia huzigeuza popote zinapoenea, na matokeo huonekana siku ya kufungua: tumbo chini ya slabu ambalo hakuna plasta ya kulificha kwa gharama ndogo. Kuongeza mirunda hakutibu tatizo hilo, kwa sababu bodi hupinda kati ya mbao na mbao, si kati ya mrunda na mrunda. Kingo zilizokatwa kwa msumeno zipakwe rangi ya mafuta siku hiyohiyo, kwani kinga ya kiwanda imeondoka pamoja na unga wa mbao. Kuhusu oili chafu ya magari ambayo hupakwa ili zege lisishike, mimi siipendi. Huacha madoa kwenye dari ya zege na kusumbua plasta na rangi baadaye.

Pia mtu asinunue marini hii kwa kutengeneza boti. Plaiwudi ya vyombo vya majini ina viwango vyake, kama BS 1088 cha Uingereza, kinachoangalia uimara wa mbao zenyewe na ubora wa matabaka ya ndani, wala si filamu ya juu.

Bodi za Mafinga zinastahili sifa kubwa kuliko zinazopewa. Malighafi yake hutoka katika mashamba ya miti ya Mufindi, ambako kuna Shamba la Sao Hill linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na viwanda vya huko humenya magogo kwa kuyazungusha dhidi ya kisu kirefu hadi yatoe matabaka. Sura yake si ya kupendeza: kuna macho ya matawi, viraka, na rangi isiyolingana. Lakini tabaka la mkaratusi ni gumu na zito, na bodi ya milimita 18 inayokaribia au kupita kilo 30 hushika parafujo ya bawaba vizuri kuliko bodi nyepesi yenye uso wa kuvutia. Kwa masanduku ya kabati, rafu za stoo na vitanda, hii ndiyo chaguo langu. Kasoro yake kubwa ni unyevu. Baadhi ya bodi hufika sokoni hazijakauka sawasawa, na zikisimamishwa ukutani kwenye joto la Dar hujikunja ndani ya siku chache. Zilazwe bapa juu ya vipande vitatu vya mbao, zifunikwe, zipewe muda kabla fundi seremala hajazigusa. Mchwa huzipenda pia, kwa hiyo sehemu inayogusa sakafu au ukuta wenye unyevu ipakwe dawa.

Bodi nyekundu za Asia ndizo zinazouzwa kwa maneno mengi zaidi. Uso wake mara nyingi ni okume au mti mwingine wa rangi hiyo, lakini tabaka hilo huwa halifiki nusu milimita, na chini yake kuna mbao laini nyepesi. Fundi akitumia msasa wa mashine kwa dakika moja zaidi, wekundu unatoweka na doa jeupe linabaki, nalo halifichiki kwa vanishi. Unene nao ni wa kusimuliwa: nilizopima kwa venia, kifaa cha kupimia unene, zikiwa zimeandikwa 18 zilikuwa chini yake kwa zaidi ya milimita moja, jambo dogo kwa kabati moja na kero kubwa pale milango inapotakiwa kulingana na fremu zilizokwisha kukatwa. Kwa milango ya ndani na mapambo ya ukuta zinafaa. Chini ya sinki hazifai hata kidogo.

Kwa kabati za chumbani, ambazo hufungwa usiku kucha na nguo ndani, ninatafuta alama ya E1 kwenye bodi. Gundi ya yurea hutoa mvuke wa fomaldehaidi, kemikali ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Alama hiyo huonesha kwamba kiasi kinachotoka kimewekewa kikomo. Bodi inayowasha macho unapoinama kuitazama dukani iachwe hapohapo, iwe na alama au isiwe nayo.

Za milimita 3 na 6 sina mengi ya kusema: ni za migongo ya kabati na milango ya kubandika. Kwa dari za nyumba za pwani zinapinda mapema, na jipsamu imezishinda kwa ulaini wa uso.

Jambo la mwisho ni la mkataba. Bodi huuzwa zikiwa zimepangwa kwa rundo, na mnunuzi huoneshwa mbili za juu. Nilikubaliana na duka, na makubaliano yakaandikwa kwenye risiti, kwamba bodi yoyote iliyofumuka au kuvunjika kona itabadilishwa ikirudishwa kabla ya kukatwa. Duka lililokubali sharti hilo lilikuwa na bei ya juu kidogo kuliko majirani zake, na bodi zilizorudishwa zilibadilishwa bila kelele.