RAM ya seva ya raki: ipi ununue ukiwa Mbeya, na ipi uiache dukani

Kabla hujatuma hela Kariakoo, zima seva, chomoa kipande kimoja cha RAM kilichomo na ukisome. Si kukitazama tu. Kisome herufi kwa herufi, kisha kipige picha kwa simu. Mfano wa lebo utakayoikuta ni huu: 16GB 2Rx4 PC4-2400T-R. GB 16 kila mtu anaielewa. 2Rx4 ni mpangilio wa chipu, yaani safu mbili za chipu zenye upana wa biti nne. PC4 maana yake DDR4, kizazi cha nne cha RAM hizi. 2400T ni kasi. Ile R ya mwisho ndiyo inayowaliza watu.

R ni RDIMM, RAM ya seva kubwa. Ukikuta E, ni UDIMM yenye ECC (inayogundua na kurekebisha makosa ya kumbukumbu), ya seva ndogo. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta ya mezani, na L ni LRDIMM, ya seva zinazotaka kumbukumbu nyingi sana. Hizi hazichanganywi ndani ya seva moja, hata kama GB zinalingana na bei ni tamu.

Mwaka jana mhasibu wa SACCOS moja upande wa Uyole alinipigia: "Fundi, RAM tumeshanunua, wewe njoo utupachikie tu." Vipande vinne vya GB 16 vilikuwa vimetoka Dar kwa basi na kupokelewa stendi ya Nane Nane, vimefungwa vizuri kabisa. Nilipofungua boksi niliiona U. Nikamwambia havitawaka, akasema jaribu. Nikajaribu, maana DDR4 ya mezani na DDR4 ya seva zote zina meno 288 na pengo liko mahali pamoja, kwa hiyo kinaingia na klipu zinafunga "tak" kama kawaida. Feni zikanguruma kama basi linapanda Kitonga, taa ya njano ikawaka, skrini giza. Aliyeuza alipopigiwa alijibu kwamba mzigo ukishatoka dukani haurudi.

Ndiyo maana orodha yangu haianzi na GB wala bei. Inaanza na kile seva yako inachokubali. Na bei zenyewe siku hizi hazishikiki: tangu mwishoni mwa 2025 RAM imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye kumbukumbu za vituo vya akili mnemba. Bei uliyopewa mwezi uliopita usiiwekee bajeti. Omba profoma tatu za wiki moja, kila moja igawanye kwa idadi ya GB, halafu linganisha.

Nafasi ya kwanza: RDIMM ya DDR4 iliyotumika

Ndiyo, mtumba. Seva nyingi ninazozifungua kuanzia Mafinga hadi Tunduma ni Dell PowerEdge R730 au HPE ProLiant DL380 Gen9, na zenyewe zilikuja zikiwa zimetumika. RAM haina kitu kinachozunguka wala kusuguana. Kipande kilichokaa miaka mitano kwenye chumba chenye kiyoyozi huko ughaibuni, mara nyingi bado kiko vizuri. Chipu ziwe za Samsung, SK hynix au Micron. Hao watatu ndio wanaotawala utengenezaji wa chipu zenyewe, wengine wengi hununua kwao na kubandika jina.

Mwambie muuzaji akutumie picha ya lebo ya kila kipande, siyo ya kimoja. Angalia meno ya dhahabu: mikwaruzo ya kuingizwa ni kawaida, weusi au kutu si kawaida. Lebo iliyochubuliwa au kubandikwa juu ya nyingine, achana nayo. Na mkubaliane kabla ya hela kutoka kwamba una wiki mbili za kurudisha. Anayegoma kukupa wiki mbili anajua kitu ambacho wewe hukijui.

Vingapi? Hapa watu hupoteza hela kimyakimya. R730 na Gen9 zina sloti 24, na kila prosesa ina chaneli nne, yaani njia nne za kuifikia RAM. Ukiwa na prosesa mbili, vipande vinane vinavyofanana hujaza kila chaneli sawasawa, kwa hiyo vinane vya GB 16 vitakupa kasi nzuri kuliko vinne vya GB 32, japo jumla ni GB 128 kote. Ukijua utaongeza baadaye, basi chukua GB 32 ili ubakize sloti. Kwa R740 na Gen10 hesabu inabadilika, chaneli ni sita kwa kila prosesa, kwa hiyo nunua sita au kumi na mbili. Na kama seva yako ina prosesa moja tu, nusu ya sloti zimekufa. Nimewahi kuitwa Njombe kuangalia "RAM mbovu" ambayo kosa lake lilikuwa kukaa upande usio na prosesa.

Usidanganyike na kasi. Prosesa za R730 na Gen9 ni Xeon E5-2600: za v3 zinaishia 2133, za v4 zinaishia 2400. Ukinunua ya 2666 itafanya kazi, lakini itashuka hadi kasi ya prosesa, na ukichanganya kasi mbili, zote zinafuata ile ya chini. Tofauti ya bei bora uongezee GB.

Nafasi ya pili: mpya, ya kampuni ya RAM

Kingston wana RAM mahsusi za seva, na wengine wapo. Hii ndiyo njia ya shule, hospitali na ofisi ambayo mkaguzi atakuja kuuliza. Unapata risiti ya EFD, VAT ya asilimia 18 imo, na waranti unayoweza kuidai. Taasisi za umma zinazonunua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali, zitaangukia hapa, mtumba si rahisi kuuelezea kwenye makabrasha. Mwandike maelezo yote kwenye zabuni: DDR4, RDIMM, ECC, kasi, ukubwa, na modeli ya seva. Mkiandika "RAM 16GB" peke yake mtaletewa ile ya SACCOS, na kisheria mtakuwa mmeletewa mlichoomba.

Nafasi ya tatu: yenye nembo ya mtengenezaji wa seva

Kama seva bado iko kwenye mkataba wa huduma, nunua hii na usibishane. Likitokea tatizo hutaki fundi wa kampuni aanze na "hii RAM si yetu". Mkataba ukishaisha, unalipia stika. Geuza kipande utakuta chipu za walewale watatu.

Zilizobaki

LRDIMM ni nzuri kwa anayetaka kumbukumbu nyingi kupita kiasi. Sloti 24 ukijaza RDIMM za GB 32 unapata GB 768. Sijaona ofisi Mbeya inayozimaliza. DDR3, ya R720 na Gen8, nitakununulia kama seva inafanya kazi na unachohitaji ni kidogo, ila fedha nyingi usiimwagie humo, weka akiba ya mashine nyingine. DDR5 ni ya R760 na Gen11 na kuendelea. Uzuri wake, RDIMM na UDIMM za DDR5 pengo lake haliko mahali pamoja, kwa hiyo kosa la Uyole linakataa lenyewe mlangoni. UDIMM kwenye seva ya raki ya aina hizi: usinunue, hata ukipewa bure usijaribu.

Kupachika, kwa hali ya huku

Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane huku ni baridi kavu. Ukivua sweta la sufu gizani unaona cheche. Cheche hizo ndizo zinazoua RAM, na mara nyingi hazikiui kipande papo hapo, zinakiacha kikilegalega. Vua sweta, usisimame kwenye kapeti, vaa mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli. Kama huna, shika chuma kitupu cha kasha la seva kabla ya kugusa kipande na urudie kila unapotoka na kurudi.

Zima kwa utaratibu, kisha chomoa waya zote mbili za umeme. Zote mbili, seva hizi zina pawasaplai mbili. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde chache kumaliza umeme uliobaki. Puliza vumbi kabla hujaondoa kifuniko cha plastiki kinachoongoza hewa, la sivyo vumbi jekundu la kiangazi linaingia kwenye sloti. Kwenye R730 anza na sloti zenye klipu nyeupe, kisha nyeusi, mwisho kijani, ukigawa sawa kati ya sloti A za prosesa ya kwanza na sloti B za prosesa ya pili. Kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka klipu zijifunge zenyewe. Usizisaidie kwa kidole.

Kile kifuniko cha plastiki kirudishe. Dell wanaandika kwamba kikomo cha joto la chumba cha nyuzi 35 hushuka nyuzi moja kwa kila mita 300 ukipita mita 950 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa nyepesi haipoozi vizuri. Mbeya mjini iko kama mita 1,700, hivyo tumeshapoteza nyuzi mbili na nusu kabla ya kuanza.

Ukiwasha mara ya kwanza, skrini inaweza kukaa kimya dakika kadhaa seva ikiipima RAM mpya. Usizime. Ikishawaka, ingia iDRAC (ya Dell) au iLO (ya HPE), kurasa za kusimamia seva, uone kila sloti inasomwa, kisha iachie Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja, kipande hicho kirudi kwa muuzaji ndani ya zile wiki mbili.

SACCOS ile tuliwapatia vinane vya GB 16, Samsung, vilivyotumika. Zile UDIMM nne tulizipachika kwenye kompyuta za makarani, ambao ndio pekee waliofurahia safari ile ya kwanza ya basi.