Tahadhari: Magurudumu ya kaboni yanayouzwa Mombasa kwa jina la diski

Waendesha baiskeli wenzangu wa Mombasa na Pwani kwa jumla, ninaandika kuwatahadharisha juu ya mwuzaji anayetangaza mtandaoni jozi za magurudumu ya kaboni kwa baiskeli za barabarani zenye breki za diski, yaani zinazobana sahani ya chuma iliyo katikati ya gurudumu. Mimi nilimlipa shilingi 62,000, na nilichopewa ni rimu kuukuu zilizoundwa kwa breki za raba, zile zinazobana ubavu wa rimu, ambazo zimesuguliwa, zikapakwa rangi, zikabandikwa stika za kampuni inayojulikana, kisha zikafungwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) za diski. Fedha zinauma, ila kinachonitia hofu zaidi ni kwamba gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa kwa namna ambayo lingeweza kuachia nikiwa kwenye mteremko wa Mazeras, nyuma yangu pakiwa na foleni ya malori ya makontena.

Baiskeli yangu ilikuja na magurudumu ya alumini yenye uzito unaokaribia kilo mbili, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikiweka akiba ili niyabadilishe. Tangazo lilieleza kila nilichokitafuta: kina cha rimu cha milimita 50, upana wa ndani wa milimita 23, uzito wa gramu 1,450 kwa jozi, na kwamba mwenyewe alikuwa anahama nchi na ameyatumia mara tatu tu. Bei ilikuwa karibu nusu ya ile niliyozoea kuiona. Mwuzaji alijibu maswali yangu kwa haraka na kwa heshima, akiniita kaka kila sentensi, kisha akataka arubuni ya shilingi 20,000 kwa nambari ya simu ya kawaida. Jina lililotokea kwenye M-Pesa halikuwa lake. Nilipomwuliza alisema ni la mkewe, nami nikaridhika, jambo ambalo sasa ninajilaumu nalo sana. Tulikutana Buxton baada ya Magharibi. Alikuwa na haraka ya kuwahi matatu ya Malindi, na chini ya taa za barabarani magurudumu yaling'aa meusi, hayana mkwaruzo hata mmoja. Nikamalizia malipo pale pale.

Asubuhi yake niliyapeleka kwa fundi wangu wa Majengo ili aniwekee tairi. Mzee huyu amefunga spoki tangu enzi za baiskeli za chuma za kubebea mikate, na hakugusa tairi hata kidogo. Alilisimamisha gurudumu la mbele juu ya goti lake, akalizungusha taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, haya umeyanunua wapi?" Nilipomweleza alinyamaza, kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi upande wa kushoto, pale diski inapokaa. Spoki zote za upande ule zilikuwa zimenyooka kutoka habu hadi rimu kama miale ya jua, bila hata moja kuipita nyenzake.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu hata mtu asiyejua kingine chochote kuhusu magurudumu anaweza kuliona kwa macho yake, tena kwenye picha. Breki za raba hubana rimu yenyewe, kwa hiyo nguvu ya kusimamisha haipiti sana kwenye spoki, na ndiyo maana magurudumu ya mbele ya aina hiyo huweza kufungwa spoki za kunyooka bila tatizo. Kwenye breki za diski mambo hugeuka: diski ikibanwa, habu ndiyo inayoshikwa kwanza, huku rimu na tairi vikitaka kuendelea na mwendo pamoja na uzito wote wa mwendeshaji, na spoki ndizo zinazobeba msokoto huo. Spoki zinazopishana huvuta kwa mshazari na kuupokea. Spoki zilizonyooka haziwezi kuupokea mpaka habu ijisokote kidogo ndani ya gurudumu, na kila breki inaposhikwa shingo za spoki na matundu ya habu huumia. Siku moja vitaachia, na havitaachia ukiwa umesimama.

Baada ya hapo mzee aliendelea kuyafunua mengine. Alipitisha ukucha ubavuni mwa rimu akakuta mstari mwembamba ulioizunguka yote, na chini yake utepe bapa wenye upana kama wa kidole, ulio tofauti na sehemu nyingine iliyoviringika. Alipousugua kwa kitambaa chenye spiriti, rangi nyeusi ilibaki kwenye kitambaa na ukajitokeza uso uliochakaa kwa raba za breki, ukiwa na uvimbe sehemu moja ambapo bila shaka joto la breki lilikuwa limelegeza resini, ile gundi inayoshikanisha kaboni. Rimu iliyoundwa kwa ajili ya diski haina haja ya utepe huo hata kidogo. Kisha alipima upana wa ndani kwa kalipa: rimu moja ilikuwa milimita 17, nyingine 18, wala si 23. Zote mbili zilikuwa na matundu 24, na kwa kuwa magurudumu mengi ya breki za raba huwa na spoki 20 mbele na 24 nyuma, mzee aliamini kwamba hizi ni rimu za nyuma za jozi mbili tofauti zilizokutanishwa. Mwisho alichukua sarafu ya shilingi kumi akawa anagonga polepole kuizunguka rimu ya nyuma. Ilikuwa ikilia ti, ti, ti, sauti kavu na safi, hadi karibu na tundu la spoki moja ikalia du, kama ukuta wenye shimo ndani. Tulipobandua stika pale tulikuta ufa wenye urefu wa kucha, umezibwa kwa puti na kupigwa msasa.

Nimejiuliza sana kwa nini mtu ahangaike hivi, na jibu nililolipata linatisha kwa sababu lina mantiki ya biashara. Tangu UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, iliporuhusu rasmi breki za diski katika mashindano ya barabarani, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, watengenezaji wakubwa wamehamia huko karibu wote, na magurudumu ya kaboni ya breki za raba yameshuka bei sana kwenye soko la mitumba. Anayeyanunua kwa bei ya kutupa, akabadilisha habu na kupaka rangi, huuza kitu kile kile kwa bei ya diski. Kwa hiyo sidhani kwamba huyu wangu yuko peke yake, wala kwamba jozi yangu ndiyo ya kwanza.

Nikirudia mazungumzo yetu kwenye simu, naona alijifichua mapema, ila sikuwa na ujuzi wa kumkamata. Alidai rimu zake ni za kisasa, zile zisizo na ndoano ya ndani ya kushika ukingo wa tairi, na papo hapo akaniambia nijaze upepo hadi psi 110 (psi na bari ni vipimo vya shinikizo la upepo). Mambo hayo mawili hayakai pamoja. Kikomo cha rimu zisizo na ndoano ni bari 5, yaani kama psi 73, tena kwa tairi iliyoidhinishwa kwa rimu hizo, na mtu akizidisha tairi inaweza kuruka. Nilipouliza kuhusu ekseli, mhimili unaopita katikati ya habu, alisema zinaingia baiskeli yoyote, ilhali baiskeli nyingi za sasa za barabarani zenye diski hutumia ekseli yenye unene wa milimita 12 kwa upana wa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma, na zile za mwanzo zilitumia vipimo vingine kabisa. Kuhusu frihabu, sehemu ya habu ya nyuma inayobeba kaseti ya gia, alijibu "ni ya Shimano, inakubali zote", na hilo nalo si kweli, kwani kaseti ya barabarani ya kampuni ya SRAM inayoanzia meno 10 huhitaji frihabu ya aina ya XDR. Hata aina ya kiti cha diski, kama ni Center Lock (ya kufungwa kwa nati moja katikati) au ya boliti sita, hakuweza kuitaja hadi nilipomtajia mimi. Mtu aliyeyaendesha magurudumu yake mwenyewe hawezi kukosa majibu haya.

Kwa wale ambao bado wanatafuta, nitasema ninavyoona baada ya kuumia na baada ya kuwauliza wanaojua zaidi yangu. Kina cha milimita 50 kinavutia machoni, lakini upepo wa Kusi ukipiga ubavuni juu ya Daraja la Nyali, gurudumu refu la mbele hukupokonya usukani, hasa kama wewe ni mwepesi. Kwa barabara zetu za Mtwapa na Kilifi ningechagua 35 au 40 na nisijute. Ulizeni pia nipo za spoki, zile nati ndogo zinazofunga spoki kwenye rimu, ni za nini. Alumini ikigusana na kaboni penye unyevu wa chumvi huliwa haraka, na hapa hata baiskeli isiyotoka nyumbani inapigwa na hewa ya bahari, hivyo nipo za shaba nyeupe zina thamani kubwa kuliko gramu chache zinazookolewa. Na kama fedha haitoshi kununua kaboni ambayo asili yake inajulikana, magurudumu mazuri ya alumini ni bora mara mia kuliko kaboni yenye mashaka. Nasema hivi nikijua jinsi tamaa ya kaboni ilivyonishika mimi mwenyewe.

Msikubali kukutana gizani. Mwambieni mwuzaji mkutane kwa fundi, mchana, tairi zikiwa zimetolewa ili kitanda cha rimu, pale tairi inapokaa, kionekane, na mlipe baada ya fundi kumaliza. Asiyekubali hilo mwacheni aende na matatu yake. Malipo yakipita kwenye Lipa na M-Pesa ya duka lenye jina na mahali, angalau kuna mlango wa kurudi kugonga. Mimi sikuwa na wa kugonga, kwani simu ya mwuzaji ilizimwa siku ile ile na fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa. Nimeandikisha taarifa kituo cha polisi na nimepewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), nikiambatisha ujumbe wa M-Pesa na picha za tangazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo juu ya aina na ubora wake, na stika za kughushi ni suala la mamlaka inayopambana na bidhaa bandia, kwa hiyo aliyepatwa kama mimi asikae kimya kwa aibu. Taarifa zikiwa nyingi, upelelezi unapata pa kushika.

Juzi nimeona tangazo jingine lenye picha zile zile, ukuta ule ule wa bluu nyuma yake, ila kwa jina lingine na bei ya shilingi 58,000. Anayezungumza na mwuzaji huyo wakati huu, tafadhali asitume arubuni. Magurudumu yangu sitayauza wala kumpa mtu ayatumie. Mpaka polisi watakapoyahitaji, nitakuwa nikija nayo Mama Ngina kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kabla hatujaondoka, pamoja na sarafu, ili kila anayetaka aguse ule utepe kwa ukucha wake na asikie ile sauti kwa masikio yake.