JASP, programu ya takwimu, kwa mauzo ya mikate: uzoefu wangu Tanga

Naweka hesabu za tanuri la mikate la mjomba wangu hapa Tanga. Tuna vibanda vitatu: Ngamiani, Makorora na Chumbageni. Mjomba ana lake siku zote: Chumbageni inauza kuliko kwingine, basi muuzaji mmoja wa Makorora ahamie huko. Kwa wastani, kweli Chumbageni iko juu. Ila mauzo yetu yanapanda na kushuka kila siku, na wastani mtupu hauonyeshi kama pengo hilo ni la kweli au ni bahati ya siku chache. Kipimo cha takwimu kiitwacho ANOVA ndiyo kazi yake: kinapima tofauti kati ya vibanda dhidi ya kupandashuka kwa mauzo ndani ya kila kibanda.

Excel nayo inafanya ANOVA, lakini inaishia kusema vibanda havilingani. Kipi kimezidi kipi, utajijua. Kulinganisha viwiliviwili kwa t-test, kipimo cha wastani wa makundi mawili, nako kuna mtego: vibanda vitatu ni jozi tatu, na ukiruhusu kosa la asilimia 5 kwa kila jozi, uwezekano wa kudanganyika walau mara moja unakaribia asilimia 14. SPSS, programu ya takwimu ya chuoni, ni ya kulipia. Nikashusha JASP, programu ya Chuo Kikuu cha Amsterdam, bure kabisa. Faili lake litakula bando, lakini ukishaiweka kwenye kompyuta inafanya kazi bila intaneti.

Jasho liko kwenye kupanga data. Daftari letu lina safu wima moja kwa kila kibanda. JASP inataka safu moja ya mauzo na nyingine ya jina la kibanda. Halafu ondoa alama za mkato kwenye fedha. Ukiacha 125,000 hivyohivyo, inaweza kuisoma kama maneno badala ya namba. Angalia kialama kando ya jina la safu: ukiona rula, imetambua kuwa ni namba.

Baada ya hapo ni raha. Unatia tiki, jibu linabadilika papo hapo: kipimo cha Levene (kama kupandashuka kwa vibanda kunalingana), jedwali la Tukey la kulinganisha kila jozi bila ule mtego, michoro.

Mara ya kwanza p, yaani uwezekano wa kupata pengo kama hilo au zaidi kwa bahati tu kama vibanda vingekuwa sawa, ilizidi kikomo cha 0.05. Mjomba akanuna: "Sasa mjomba, kompyuta yako inasema Chumbageni haiuzi?" Haikusema hivyo, ilisema ushahidi hautoshi. Nikaongeza safu ya aina ya siku, ya kazi au ya wikendi, nikaendesha ANOVA ya vigezo viwili. Kumbe sehemu kubwa ya kupandashuka kule ilitokana na siku. Ilipotengwa, picha ikasafika: siku za kazi Chumbageni, iliyo jirani na ofisi, imeacha wenzake mbali, wikendi Makorora inaipita. Kwenye mchoro mistari yao inakatana kabisa, hata mjomba aliisoma bila kuelezwa. Muuzaji sasa anakwenda Chumbageni Jumatatu hadi Ijumaa.

Ramadhani nimeiweka pembeni kwanza, maana mwezi ule mauzo yana mwendo wake na yangevuruga kila kitu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu menyu hazina Kiswahili, na usafi wa data bado naufanyia Excel.